Mjomba Alipoingia Darasani

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya Mdachi, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima.

Naandika upesi kwa sababu ninyi wenzangu mlioko Lindi habari itawafikia tu. Mnapajua Kivinje. Mtu akijikwaa hapa asubuhi, jioni watu wa Kiswere wanampa pole. Afadhali muisikie kwangu. (Wala sitaongeza chumvi. Ningekuwa mtu wa kutunga uongo, ningetunga wa kunipa heshima.)

Mnakumbuka tulipokuwa darasa la juu, kabla ya vita vya Maji Maji? Walimu walikuwa wengi, wengine wanakaa barazani wakingoja zamu. Sasa hawapo. Mmoja alikimbia vita na mpaka leo hajaonekana. Mmoja amechukuliwa na boma, karani wa forodha, anapita mlangoni petu na mwavuli kama hatujui. Mwingine wamemfanya akida huko bara. Amebaki Mwalimu Hemedi na pumu yake. Anafundisha wakubwa huku, anakimbilia watoto kule, katikati anasimama uani kukohoa. Watoto wamekijua kikohozi chake kiasi kwamba kikikaribia mlango wote wanakaa kama masheikh.

Ndipo boma likatoa neno: shule isiyo na walimu wa kutosha, tena wanaoijua kazi, ni banda la kuku. Apatikane mwalimu wa pili. Asipopatikana, darasa la watoto lifungwe na watoto wapelekwe shamba la pamba.

Wakaanza kutafuta. Kwanza waliletewa ombasha, askari mstaafu. Kusoma hajui, lakini sauti anayo. Aliwafundisha watoto kupiga kwata tu, na akaondolewa baada ya mama mmoja kuja kulalamika kwamba mwanawe akitumwa chumvi dukani haondoki mpaka aambiwe "Mbele, tembea!" Kisha akaja fundi cherehani, msomaji hodari haswa, ila hapendi watoto. Alikaa asubuhi moja. Akatoka akisema heri kushona sanda.

Hapo Mwalimu Hemedi akanitazama mimi.

Mimi! Mimi nikienda kununua samaki namtazama samaki badala ya muuzaji. Mimi nikiamkiwa na watu wawili kwa pamoja nachanganyikiwa nianze kumjibu nani, basi naitikia moyoni.

Lakini nitawaambia kweli, maana humu simwogopi mtu. Kazi ile nilikuwa naitaka. Naitaka mpaka naiota. Nimelala chali kwenye mkeka naona chaki mkononi mwangu, naona mtoto ametumbulia macho ubaoni, herufi zimekaa kimya kimya kisha ghafla, kama taa iliyoletwa chumbani, zinakuwa neno. Nyumbani nilikuwa nikivipanga vyungu vya mama kwa safu navifundisha. Vyungu vinasikiliza vizuri sana. Kimoja kina ufa, nilikuwa nakionea huruma, nakirudilia somo.

Mama akaniuliza, "Hashimu mwanangu, unasema na nani?"

"Na darasa, mama."

Akatoka, akaenda kunitafutia dawa.

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribiwa. Bwana Mkaguzi amekuja kutoka Dar es Salaam kunisikiliza nikifundisha, kisha aamue: darasa la watoto libaki au lifungwe. Asubuhi Mwalimu Hemedi alinivika kanzu yake. Yeye ni mrefu. Mikono ya kanzu ikanifunika vidole, nikawa kama mtu anayetembea ndani ya hema. Njiani maji yalikuwa yamekupwa, harufu ya mikoko imejaa mji mzima, jua bado laini, na mimi nakanyaga taratibu kama anayeogopa kujiamsha. Kila ukuta niliopita niliuona ubao. Nikiuona mlango, naufikiria darasa. Mzee mmoja akanisalimu, nikamwambia, "Vizuri sana, kaa chini."

(Nilirudi kumwomba radhi. Alishakaa.)

Darasani watoto walikuwa wamejaa, wameogeshwa, wamepakwa mafuta ya nazi mpaka wanang'aa. Bwana Mkaguzi amekaa nyuma kabisa kwenye kiti, kiko cha tumbaku mdomoni, miguu ameikunja. Kiswahili anakijua kutuzidi, hasa kile cha kukaripia.

Mwalimu Hemedi akanivuta pembeni. "Mwanangu, usimtazame Mdachi. Tazama watoto. Watoto hawa wakienda shamba la pamba mwaka huu, hatuwapati tena. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu."

"Na mikono ya kanzu ikunje."

Nikaikunja. Nikageuka. Nikaanza.

Na jamani, nilifundisha! Sijui sauti ilitoka wapi. Nilikuwa nimechukua korosho za kukaanga za mama kwenye kikapu, nikamwita mtoto mmoja mbele, nikampa korosho saba azihesabu kwa sauti. Nikamwambia, "Kula tatu." Akala. (Watoto hawa wamepita njaa ya vita, kula hawahimizwi.) "Zimebaki ngapi?" Darasa zima: "Nneee!" Nikaandika ubaoni. Jua lilikuwa linaingia kwa dirisha kama kitambaa kirefu cheupe, vumbi la chaki linaelea ndani yake polepole, na mimi nimesimama katikati ya mwanga huo nasema na watoto wananiitika, nasema wananiitika. Nilisahau kwamba nina miguu. Kwa pembe ya jicho nikamwona Bwana Mkaguzi ametikisa kichwa kwa kukubali. Mwalimu Hemedi alikuwa amesimama mlangoni amejishika kifua, na hakukohoa hata kidogo.

Nikasema moyoni: imekuwa.

Hodi! Mlangoni.

Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayekaa Kiswere. Vumbi mpaka magotini, kikapu kichwani. Amesikia shuleni Kivinje wanataka darasa la watoto lijae ili lisifungwe, akaona na yeye atuchangie mtoto. Nani alimwomba? Hakuna aliyemwomba! Akamsukuma mtoto ndani, akasema, "Huyu naye mwandikeni," akaenda kukaa chini ya dirisha kupunga upepo.

Mtoto akasimama katikati ya darasa. Kofia imemfunika masikio, mbele hana meno mawili. Akanitazama.

Alikuwa mjomba.

Msicheke kwanza, niwaeleze taratibu, maana na ninyi wengine wa pwani tupu mambo haya hamyajui. Sisi kwa upande wa mama ni Wamwera, na kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye watoto. Baba anaheshimiwa, ila neno la mwisho la mjomba. Mjomba wetu Nangomwa alichukuliwa wakati wa vita kubeba mizigo ya askari, hakurudi. Hata kaburi hatuna. Siku ya kumaliza msiba wazee walikaa, wakamchagua mtoto wa mama mdogo arithi jina. Wakamvika kofia ya marehemu, wakamshikisha upinde wake, wakatuambia: Nangomwa huyu hapa, amerudi, muamkieni. Tukamwamkia. Alikuwa ananyonya kidole.

Tangu siku ile mama humwita kaka. Kuku akichinjwa, firigisi ni lake. Siku yangu ya kuoa ikifika, posa itapita kwake. Mama yake mwenyewe humshika kwa nguvu kumwogesha huku mtoto akipiga kelele, na akishamfuta maji anamwita kaka na kumsogezea kigoda. Na yeye cheo amekijua. Amekijua upesi kuliko alivyojua kufunga shuka.

Basi mjomba amesimama, anangoja. Mimi nimesimama, chaki mkononi. Nikajiambia: Hashimu, hapa ni shule, wewe ni mwalimu, yule ni mwanafunzi. Mwambie akae. Fungua mdomo tu useme "Kaa."

Nikafungua mdomo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu, bila haraka. "Hujambo mpwa wangu?"

"Sijambo, mjomba."

Nyuma kule kiko kikatoka mdomoni.

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikageukia ubao upesi, nikasema kwa sauti ya juu, "Haya watoto! Korosho nane..." Mgongoni nikasikia sauti ndogo iliyokasirika.

"Mpwa. Unanipa mgongo?"

Nikageuka.

"Na mimi nimekaa chini," akasema (alikuwa ameshajikalia mkekani, mstari wa mbele kabisa), "na wewe umesimama juu ya kichwa changu. Ndiyo adabu uliyofundishwa?"

Maneno hayo hayakuwa yake. Wazee wamemfundisha, ni ya marehemu, neno kwa neno, hata ile namna ya kuinua kidevu. Na hapo ndipo kitu fulani kikanipata ambacho siwezi kukieleza vizuri. Nilimwona mjomba yule mkubwa. Nilimwona amekaa ukumbini kwetu jioni anachonga mpini, na mimi mdogo nimesimama mbele yake nimekosa, na ananiambia kwa sauti ileile, kaa chini tuzungumze. Darasa likayeyuka. Ubao ukaenda mbali. Magoti yangu hayakuniuliza.

Nikakaa. Mwalimu, mbele ya Bwana Mkaguzi, chini mkekani, kanzu imenizunguka kama mwavuli uliofungwa vibaya.

Darasa likapasuka! Watoto wengine walianguka juu ya wenzao. Bwana Mkaguzi akainuka, buti zake zikaja mbele, ko, ko, ko.

"Kimya! Nani mwalimu hapa?"

Watoto wote wakamwonyesha mjomba kwa kidole.

Bwana Mkaguzi akamtazama juu mpaka chini, safari ambayo haikuwa ndefu. "Wewe nani?"

"Nangomwa," akajibu mjomba. "Huyu mpwa wangu. Nani amemvika nguo ya mtu mwingine?"

Mwalimu Hemedi akaja mbio kueleza. Mila, bwana mkubwa. Urithi wa jina, bwana mkubwa. Marehemu, bwana mkubwa. Pumu ikambana katikati ya marehemu, akabaki anaonyesha kwa mikono. Bwana Mkaguzi alisikiliza yote. Kisha akachukua fimbo iliyokuwa imeegemezwa ubaoni (ya Mwalimu Hemedi, huitumia kujikongojea akipanda kilima), akanipa.

"Nimefahamu. Sasa sikiliza wewe kijana. Serikali haitafuti mtu wa kujua hesabu tu. Inatafuta mtu wa kuamuru darasa. Mtoto huyu amevuruga somo. Mchape fimbo moja, darasa nitaliacha. Huwezi, nalifunga leo."

Nikainuka na fimbo.

Nikawatazama watoto wote wale waliong'aa mafuta. Nikamwona na yule aliyekula korosho, bado ana ganda mdomoni. Nikamtazama mjomba. Kofia imemwangukia jicho moja, akaisukuma juu kwa kiganja, akaniangalia tu, haogopi, anashangaa. Hajawahi kufikiri kwamba mkono wangu unaweza kuinuka juu yake. Na kweli haukuweza. Niliuambia panda. Ukakataa kabisa.

"Umeshika nini?" akauliza mjomba.

"Fimbo, mjomba."

"Lete."

Ndugu zangu. Mtu mzima akikwambia lete, unafanyaje? Nikapiga goti, nikampa. Kwa mikono miwili.

Akasimama. Akaiinua kwa shida, ilikuwa ndefu kumshinda. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mwezi mzima hukuja Kiswere kuniamkia!" Akanichapa fimbo moja matakoni.

Haikuuma. Natamani ingeuma! Ingeuma ningelia, watu wangenihurumia. Ilipiga kanzu tu, ikatoa vumbi la chaki, pufu, kama mkeka uliokung'utwa. Mwalimu Hemedi alijifunika uso kwa kilemba. Kutoka chini ya dirisha nikasikia sauti ya mama mdogo: "Mwambie, kaka! Mwambie!"

Nilibaki pale pale, goti moja chini. Nikawaona watoto wamepangwa mstari kwenye shamba la pamba, jua kali, midomo imefungwa, kwa sababu yangu. Ndoto yangu yote nikaiona inaelea kwenye ule mwanga wa dirisha pamoja na vumbi, inatoka nje. Bwana Mkaguzi alikuwa ameshachukua kofia yake.

Basi mjomba akanirudishia fimbo. Akajikalia.

"Haya, yameisha," akasema. "Simama ufundishe." Na alipoona watoto bado wanacheka, akawageukia, kidevu juu: "Nyie! Nyamazeni! Mpwa wangu anafundisha!"

Wakanyamaza. Wallahi, walinyamaza namna ambavyo darasa lile halijawahi kunyamaza, hata ombasha hakuupata ukimya ule. Bwana Mkaguzi akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Nikasimama. Sikuwa tena na haya yoyote, yote ilikuwa imeshatumika. Nikashika korosho. Nikamweleza mjomba kwa adabu, na wengine wasikie: mpwa alikuwa na korosho saba, akala tatu. "Tafadhali mjomba, zimebaki ngapi?"

Akafikiri. Akahesabu vidole, akarudia, akachukua na kidole gumba cha jirani.

"Nne," akasema. "Lakini za mpwa hakuna. Hizo nne za mjomba."

Nikamwandikia nne ubaoni. Nikasema, "Hesabu ni sahihi. Na mila nayo ni sahihi." Nikampa korosho zake kwa mikono miwili, naye akamgawia jirani aliyemwazima kidole. Mtoto mwingine akainua mkono: na kama wajomba ni wawili, je? Mwingine: na kama mpwa ameficha moja? Nikaandika, wakahesabu, nikaandika, wakahesabu. Waligawa, wakatoa, wakajumlisha, wakagombana kwa namba. Sikumbuki nilimaliza saa ngapi. Nakumbuka tu nilipogeuka, Bwana Mkaguzi alikuwa amerudi kwenye kiti chake na mabega yanamtikisika. Nikadhani amepaliwa na moshi. Alikuwa anacheka, akijificha nyuma ya kiko.

Kisha akakohoa, akakunja uso upya, akaniita nje.

"Wewe," akasema, "kuamuru hujui hata kidogo. Nitakuwa mwongo nikisema unajua."

"Ndiyo, bwana."

"Ila wamejifunza kutoa na kugawanya, na walitakiwa kufika huko mwaka ujao. Nitakuandika mwalimu msaidizi, kwa majaribio. Darasa halifungwi."

Nikataka kusema ahsante, sauti ikawa imerudi kule inakokaa siku zote. Nikaitikia moyoni.

"Umri wako bado mdogo," akaendelea. "Lazima mkubwa wa nyumba yako akubali. Nani mkubwa wako?"

Nikaikunja mikono ya kanzu upya. Mwalimu Hemedi akatazama minazi. Lakini mama mdogo chini ya dirisha jibu alikuwa nalo.

"Si huyo hapo, bwana! Anakula korosho!"

Bwana Mkaguzi alifumba macho kidogo. Kisha, na hili nitalikumbuka mpaka nizeeke, akarudi darasani, akachuchumaa mbele ya mkeka na buti zake zote, akamuuliza mjomba wangu kama anaridhia mpwa wake aajiriwe na serikali.

Mjomba akatafuna. Akameza.

"Atanipiga?"

"Hawezi," akasema Bwana Mkaguzi. "Nimeona mwenyewe."

"Basi naridhia."

Ndivyo Kivinje ilivyopata mwalimu wa pili. Kesho naanza. Mama anashona upya mikono ya kanzu na kila akinitazama anauma sindano asicheke. Mjomba amehamia kwetu ili asome, amelala miguuni pangu sasa hivi, mdomo wazi, nimemfunika shuka langu.

Nawaomba sana, mkinisikia huko Lindi, msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, aje kwanza Kivinje aombe ruhusa kwa mjomba wangu, ila aje mapema, kwa sababu adhuhuri huwa analazwa.